Kipengele cha Arobaini na Mbili

Karani wa mamlaka ya maji ya mji alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwepesi wa vidole na mzito wa ulimi. Ofisini walimwita Bibi Rasimu, kwa sababu malengo yote ya muda mrefu yaliyowahi kuandikwa pale yalipita mikononi mwake. Ya kwanza aliyachapa akiwa msichana: baada ya miaka kumi, kila nyumba ingekuwa na maji safi. Kumi ilipokwisha, wakubwa walikaa, wakatafakari kwa kina, wakaongeza kumi mingine. Mara ya tatu wakaongeza ishirini, maana sasa walikuwa na uzoefu.

Yeye na dada yake mkubwa walikaa ghorofa ya tatu, katika mtaa ambako bomba lilitoa maji Jumanne moja na Jumanne ya pili likatoa hewa. Mita, kwa uaminifu wake, ilisoma vyote viwili.

Mwaka huo ikafika tena zamu ya kuhuisha sera. Mkurugenzi, bwana mpole aliyelipenda sana neno "endelevu", akamwita.

"Dada, kazi yenyewe ndogo. Chukua ile ya zamani, badilisha mwaka, weka 'endelevu' pale panapopwaya."

"Na vipengele, bosi? Vibaki arobaini na kimoja?"

"Ongeza kimoja, tuonekane tumefanya kazi."

Jioni alimkuta dada yake akisuuza sahani kwa maji yaliyokwisha kuoshea mboga.

"Haya, leo mmeamua nini huko kwenu?"

"Maji yatatoka ukiwa na miaka themanini na saba."

"Basi acha niziloweke tu," dada akasema, akaziacha.

Bibi Rasimu alicheka, kisha akabaki akizitazama sahani zile. Asubuhi akaandika kipengele cha arobaini na mbili: mkurugenzi na wajumbe wa bodi watatumia maji ya bomba peke yake majumbani mwao, ili waijue hali ya wateja. Lori la mamlaka, linalowapelekea wao maji kila asubuhi, litaacha kufanya hivyo siku sera itakapopitishwa. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja na nusu tu astaafu. Mwishoni akatia "kwa njia endelevu".

Bodi ilikutana, kila mjumbe na chupa zake nne za maji mezani na kurasa tisini na tatu mbele yake. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja. Mmoja akaomba jalada liwe la buluu iliyokolea. Baada ya mjadala huo mzito, sera ikapita kwa kauli moja, ikabandikwa ubaoni.

Mtu wa kwanza kuisoma alikuwa dereva wa lori. Akaliegesha lori, akakabidhi funguo.

Siku ya nne mkurugenzi alisimama mbele ya meza ya karani, shati lake likiwa na mikunjo ya juzi.

"Kipengele hiki kimetoka wapi?"

"Uliniambia niongeze kimoja, bosi."

"Nani alikipitisha?"

"Sahihi yako ndiyo ya kwanza."

"Kinafutika?"

"Kinafutika. Kwenye marejeo yajayo, baada ya miaka mitano."

Angekifuta siku hiyohiyo, ila gazeti lilikuwa limekwisha kuwasifu kwa uongozi wa mfano, na sifa ni kitu kigumu kurudisha. Kwa hiyo bomba kuu, ambalo ubovu wake ulikuwa ukifanyiwa utafiti kwa mwaka wa kumi na moja, likatengenezwa kwa wiki sita. Kwa bahati mbaya lilipita chini ya mtaa wa karani kabla ya kupanda kwa wakubwa, nao ukaanza kupata maji siku tatu kwa wiki.

Bibi Rasimu alizawadiwa uhamisho: chumba cha mafaili ya zamani, chini kabisa, kisicho na dirisha. Akahamia na kikombe chake, bila kinyongo. Nyumbani dada yake sasa analalamika kwamba kufua mara tatu kwa wiki kunamuumiza mgongo.