Hita ya Mafuta na Bibi wa Ujiji

Mwezi wa saba uliopita nilipanda Kasulu kwenye harusi ya mjukuu wa jirani yetu wa zamani. Asubuhi nilipotoka nje kupiga mswaki, baridi ilinikamata mpaka meno yakagongana, nikacheka peke yangu kama mwehu. Watu wa Dar ukiwaambia kuwa mkoa wa Kigoma una mahali pa kuvaa sweta mpaka saa nne asubuhi, wanadhani unawatania. Waje basi walale Kasulu usiku mmoja tu wakati wa kiangazi, halafu tuongee.

Miaka ya sabini, sisi tulikuwa na dawa ya baridi hiyo. Baba alikuwa tabibu wa serikali, mzaliwa wa Ujiji kule chini ziwani, na daktari mmoja Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia hita ya mafuta ya taa. Lilikuwa dude la chuma lenye tangi chini, utambi wa duara na wavu mbele. Mama aliliweka kwenye ukumbi mwembamba katikati ya nyumba, akatoa amri: jioni milango yote ya vyumba iachwe wazi, kila mtu apate joto lake. Siri ikahama nyumbani kwetu. Dada akiota ndoto na kupayuka, asubuhi tulimsimulia wote.

Jirani yetu, mama aliyekimbia Burundi na wanawe, siku ya kwanza aliizunguka ile hita, mikono kiunoni, akishangaa kwa Kirundi chake. "Yemwe! Moto hauna kuni, hauna moshi! Sasa viazi mnachomea wapi?" Tukamwambia hatuchomi. Alituhurumia kweli, na tangu siku hiyo akawa anatuletea viazi vitamu kutoka kwenye majivu yake, kisha anakaa kidogo kuota moto. Kidogo chake kilikuwa mpaka chakula kiive.

Lakini mwenye hita hasa alikuwa Bibi, mama yake Baba. Alikuwa amepandishwa kutoka Ujiji baada ya Babu kufariki, akaja na jamvi lake, kanga zake na baridi yabisi ya magoti. Kiti chake kilikaa mbele ya wavu. Juu ya hita aliweka birika la maji ya kutawadhia, na pembeni chupa ya mawese, kwa sababu mawese Kasulu yaliganda kama sabuni. "Haya yana akili kuliko nyinyi," alitwambia, "yakisikia baridi yanajikunyata." Harufu ya mafuta ya taa, mawese na viazi vya kuchoma, mimi ndiyo naiita harufu ya nyumbani.

Kisha mafuta ya taa yakaadimika. Duka la ushirika lilibaki na chumvi na majembe, na Baba alizunguka mpaka Kibondo akarudi na nusu debe. Mwaka huo huo dada yangu alikuwa darasa la saba. Waliokuwa wanachaguliwa kwenda sekondari walikuwa wachache mno, tena wasichana ndio kabisa, na jioni zote alizimalizia kwenye chemli, akinong'ona hesabu huku amejifunga blanketi.

Jioni moja nilikuwa nimekaa miguuni pa Bibi nikimkanda magoti. Milango ilikuwa wazi kama kawaida, na wazazi wetu chumbani kwao walidhani wananong'ona.

"Hayatoshi vyote viwili," Baba alisema. "Ama hita, ama taa ya mtoto."

"Mimi siwezi kumzimia mama yako moto, na magoti yale," Mama akajibu.

"Na huyu asomee nini? Mbalamwezi?"

Bibi akaweka mkono wake kichwani kwangu, akainama mpaka sikioni. "Hujasikia kitu, mama yangu. Sawa?" Nikamwahidi.

Kesho yake, wakati wa chai, alikunja uso na kuziba pua kwa kanga. "Hili dude lenu linanuka. Linanipanda kichwani, sipati usingizi. Lizimeni jamani, mnipumzishe." Mama akamtazama Baba. Dada akacheka, akasema Bibi ana mambo. Hita ikazimwa, milango ikaanza kufungwa, na mafuta yote yakaenda kwenye chemli.

Mimi nililala kitanda kimoja na Bibi, kwa hiyo najua. Najua miguu yake ilivyokuwa baridi chini ya blanketi, na alfajiri nilimsikia akivuta pumzi kwa meno kila alipomwaga maji ya udhu. Nilimpenda sana, nikawa namkumbatia magoti kwa nguvu zangu zote, basi.

Dada alichaguliwa. Tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Siku ya safari, Bibi alisema atamsindikiza mpaka Kigoma kwenye treni, kisha apumzike Ujiji. Baba ilibidi ambebe kumpandisha kwenye lori, magoti yalikuwa yamekataa. Hakupanda tena Kasulu. Mafuta yaliporudi, Baba aliiwasha hita, tukakaa tukiitazama, na kiti cha mbele hakuna aliyekikalia. Mama akaizima, akasema inamaliza mafuta bure.

Bibi amezikwa Ujiji. Hita sijui iliishia wapi, na nyumba ile sasa ina umeme na wapangaji wasionijua. Dada yangu ni daktari mstaafu, tulikaa pamoja kwenye ile harusi, tumejifunika shali moja. Alikuwa anawasimulia wajukuu habari za hita yetu, akiiga sauti ya Bibi na kuziba pua kwa kanga, watoto wanavunjika mbavu.

"Muulizeni na huyu," akawaambia. "Bibi yetu alikuwa haipendi kabisa ile harufu."

Nikasema kweli, alikuwa haipendi kabisa.