Injini Iliyofumuliwa Dabaso

Gari letu lilifia kwenye mlima wa mwisho kabla ya kufika kwa mama, Ganze, likiwa limebeba madumu ishirini ya maji. Lilipiga mluzi, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Nilishuka nikalipiga teke gurudumu la mbele, na mguu ukaniuma siku tatu. Ndivyo nilivyo. Hasira zangu ziko karibu, na mtu wa kwanza kuumia huwa ni mimi mwenyewe.

Ni gari kuukuu la porini, lile la bodi ya bati linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa miaka tisa lilikuwa na kazi moja kubwa: kila Jumamosi kumpelekea mama maji. Sisi tunakaa Dabaso. Mama amekataa katakata kuhama Ganze, alikozikwa baba, na bwawa analolitegemea liko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ana miaka sabini na kitu. Gari lisipokwenda, mama hujitwika dumu akaenda mwenyewe. Hilo ndilo lililonikosesha raha, wala si gari.

Lori la mkaa lilituvuta kwa kamba hadi nyumbani. Jirani yetu, fundi kutoka bara anayetunza majenereta ya hoteli moja huko Watamu, alikuja kulitazama. Alifungua kifuniko cha oili akakuta imechanganyika na maji, imekuwa kama chai ya maziwa.

"Hii injini imekwisha, mzee," akasema. "Wape watu wa vyuma chakavu."

Nilianza kupiga kelele, sijui nikimpigia nani. Mke wangu ni mshonaji, na wakati huo alikuwa barazani akitia vifungo kwenye sare za shule. Hakuinua hata uso.

"Fundi, tukiifumua yote tukaisafisha, hairudi tena?"

"Yaweza kurudi, mama. Lakini ni kazi."

"Basi tuifumue. Mimi nitashika spana."

Fundi alicheka. Na mimi nilicheka, na kicheko kile nakionea haya mpaka leo.

Tulisimamisha boriti tatu za mikoko zilizobaki tulipojenga jiko, tukafunga mnyororo juu, tukainyanyua injini uani. Fundi wetu alikuwa na mtindo wa mafundi wengi: kila bolti inayofunguka hutiwa kwenye sufuria moja, na mwisho wa kazi zikibaki tatu huambiwa hazikuwa na maana. Mke wangu aliitazama ile sufuria, ambayo isitoshe ilikuwa yake, akaingia ndani. Cherehani ikalia hadi alasiri. Alitoka na utepe wa kitambaa cha marekani mrefu kama ukuta wa nyumba, umejaa vijifuko, na kila kimoja kina nukta za uzi mwekundu: moja, mbili, tatu, kwa mpangilio wa kufunguliwa. Akauning'iniza kwenye kamba ya nguo.

"Vazi likifumuliwa bila alama, mkono wa kushoto utaushona kulia," alimwambia fundi. "Hebu nipe hiyo bolti. Imetoka wapi?"

Fundi alisema amefanya kazi hii miaka ishirini na hajapata kuona injini imeanikwa. Lakini sufuria ilirudi jikoni.

Siku ya tatu kichwa cha injini kilitoka. Mke wangu aliinama, akapitisha kidole kwenye matundu yanayopitisha maji, akakitoa kina ukoko mweupe. Akakiramba.

"Chumvi," akasema. "Kwenye redieta ulikuwa ukitia maji ya wapi?"

"Ya mfereji," nikajibu upesi.

Alitupia jicho kisima chetu, kisha akarudi kukwangua. Nilivumilia mpaka chakula cha jioni, nikashindwa.

"Ni ya kisima," nikamwambia.

Ukweli ni kwamba maji ya mfereji kwetu huja kwa kudondoka, na kila tone tulilokinga lilikwenda kwenye madumu ya mama. Gari nililitia maji ya kisima, ambayo Dabaso nzima inajua hata sabuni huyakataa. Nilijiambia gari halina ulimi. Miaka tisa niliilisha injini chumvi ili nisimpunguzie mama hata kata moja ya maji.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. "Ulifanya kwa mapenzi," akasema. "Lakini ni ujinga."

Kazi ilichukua wiki sita. Kichwa cha injini tulikipeleka Malindi kwa tuktuk kikasawazishwe uso. Tulikuwa tumekifunga kwa leso ya mke wangu na kukipakata wawili, na dereva akatuuliza tunampeleka mgonjwa hospitali gani. Mke wangu alijifunza kupima ringi za pistoni kwa kidole, na fundi akaacha kurudia kupima nyuma yake. Nilimwona mwanamke niliyeishi naye miaka ishirini na mbili kana kwamba ndiyo kwanza nimemposa. Nilijivuna mitaani, nikimsifia mtu aliyenikuta na hatia.

Kila Jumamosi nilimpigia mama simu. "Nimekwenda, nimerudi, nashukuru Mungu," alikuwa akisema, na mimi nikisikia pumzi zake fupi. Jumamosi ya nne aliniambia ameanguka njiani, maji yakamwagika, akarudi mikono mitupu. Nilikata simu nikataka injini ifungwe siku ile ile, hata kwa ringi zile zile za zamani, bila kungoja mpya.

Mke wangu alisimama mbele ya utepe wake. "Ukiharakisha leo, mwezi ujao atatembea tena. Kaa chini."

Nikakaa chini.

Siku ya kuwasha, injini ilikohoa mara mbili ikazima. Mara ya tatu ikashika, ikatulia, ikanguruma sawasawa. Fundi hakuitazama. Alikwenda kwenye kamba ya nguo, akatia mkono katika vijifuko vyote, kimoja kimoja. Havikuwa na kitu. Akamgeukia mke wangu.

"Mama, nishonee na mimi mmoja."

Jumamosi iliyofuata tulipanda ule mlima bila mluzi wala moshi. Mama alikuwa amesimama nje. Tukampa shikamoo, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari. Lilipopoa, mke wangu alifungua redieta akakuta maji yameshuka, kama fundi alivyotuonya kuhusu safari ya kwanza. Nikashusha dumu, kisha nikasita, nimelishika. Maji yale yalikuwa ya mama.

Sikujua kwamba mke wangu alishamweleza yote kuhusu ile chumvi. Wale wawili hawafichani. Mama alininyang'anya dumu, akajaza kata yake ya kifuu, na midomo yake ilikuwa imekauka. Akanikabidhi.

"Lianze kunywa lenyewe," akasema.

Nilimimina kata tatu, naye kasimama karibu akihakikisha simwagi. Redieta ilipojaa, aliichukua kata, akalinywa tone lililobaki chini.