Harufu Niliyoinyima Mashine

Rafiki yangu alifukuzwa kazi kwa sababu yangu. Naanza na hilo ili msomaji asinione mtu mwema halafu nije kumwangusha mwishoni. Kuna harufu niliificha, na kuna maneno niliyasema mbele ya wakubwa. Kwa hayo mawili, mwanaume aliyeendesha mashine miaka kumi na tisa bila kosa amerudi kwao Kisarawe na jembe begani.

Shule niliishia darasa la tatu, huko Tabora. Nilikuja Pwani na shati moja, nikaanza kuziba pancha pale Picha ya Ndege, Kibaha, enzi hizo ukipata wateja watatu kwa siku unashukuru. Tairi sikulisoma kwenye kitabu. Nililijua kwa mikono na kwa pua. Nilikuwa nikiinamia gurudumu la lori namwambia dereva, hili limeungua kwa ndani, hufiki nalo Chalinze. Wengine walinicheka wakaondoka. Walirudi wakiwa wamenuna. Nyumba yangu ya Visiga, ile ya matofali ya saruji, imesimama kwa pua hii, na sijawahi kumwomba mtu hata msumari.

Kiwanda cha matairi kilinichukua kama mfagiaji. Wiki ya pili nikamwambia fundi mkuu kwamba kuna mkanda unaungua kwenye mashine ya kuvutia mpira. Akaniambia, "Wewe fagia." Mkanda ukakatika kabla ya chai. Tangu hapo ufagio wakampa mwingine.

Kazi yangu ikawa kunusa. Kila asubuhi, kabla swichi haijawashwa, nilizunguka kiwanda kizima peke yangu. Grisi iliyokauka ina harufu yake. Waya unaoyeyuka una yake, na bomba la mvuke linalovuja kwenye majiko ya kuivishia matairi lina yake. Mashine ikiwa nzima, nilichora alama ya vema kwa chaki nyeupe kwenye mlango wake. Hakuna opereta aliyewasha bila chaki yangu. Haikuandikwa popote, ila ndivyo ilivyokuwa. Na mimi niliilipia kazi hiyo: sikuvuta sigara, sikula kitunguu kibichi, niliogea maji matupu, na mke wangu hakujipaka manukato ndani ya nyumba yangu miaka yote hiyo. Alilalamika mpaka akachoka.

Rafiki yangu ndiye aliyeendesha mashine ya kuchanganyia. Hiyo ni chungu cha chuma kikubwa kama chumba, ndani kina mikono miwili inayosonga mpira, masizi na mafuta kama mtu anavyosonga ugali. Ikiharibika hiyo, kiwanda chote kinakaa chini. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na utani wetu ulikuwa unaanza getini.

"Babu yako alibeba meno ya tembo mpaka pwani," alikuwa akinipigia kelele, "wewe umebaki kubeba pua!"

"Na babu yako alimwuzia maji yenye vyura," namjibu. "Mpaka leo mnauza."

"Yalimfaa. Asingekunywa vyura angejuaje kutembea?"

Siku mama yake alipozikwa, nililala kaburini kama mtani anavyotakiwa, nikagoma kutoka mpaka wanipe kuku. Watu wakacheka huku wanalia. Ndivyo tulivyokuwa.

Halafu wakaleta visanduku. Vidogo, vyeupe, vimefungwa juu ya kila mashine, vinavuta hewa na kunusa. Harufu ikiwa salama taa ya kijani, ikiwa mbaya taa nyekundu na kelele. Aliyekuja navyo ni binti mmoja mhandisi, mtu mzima wa miaka kama thelathini, mwenye adabu. Alinifuata karakana akasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Visanduku hivi havijui kitu. Vinasikia harufu lakini havijui maana yake. Nimeambiwa anayejua ni wewe."

Nilivimba kichwa, sifichi. Nikakaa naye miezi. Tulichoma mikanda mbovu, tulipasha grisi chakavu kwenye jiko, tuliyeyusha waya, na kila mara mimi ndiye niliyesema: bado, bado, hapo. Yeye anabonyeza kompyuta. Nilimpa harufu baada ya harufu, na kila nikitoa moja nilihisi nimepungua. Siku moja meneja alipita, akauliza mbele yangu kama vile mimi ni kabati, "Kwa hiyo vikishajua vyote, tutakuwa tunamhitaji mzee?" Binti akaangalia chini. Mimi nikajifanya napangusa jiko.

Hapo ndipo nilipoficha moja. Beringi ya mashine ya kuchanganyia, ile iliyoshika mkono wa ndani, ikianza kufa hutoa harufu tamu kidogo, kama muhogo uliosahaulika kwenye majivu. Inajificha ndani ya harufu ya mpira wenyewe, na siku mbili tatu baadaye ndipo chuma kinaanza kulia. Kiwandani humo niliyeijua ni mimi tu. Binti aliponiuliza, "Mzee, kwenye hii mashine hakuna nyingine?" nikamwambia, "Tumemaliza." Nilitaka ibaki sababu moja ya kuniita. Sikutaka mtu aumie. Lakini nilijua ninachofanya.

Visanduku vikaanza kazi. Meneja akatangaza kwamba chaki sasa si lazima, taa ya kijani inatosha. Maopereta wakaitikia ndiyo bosi, na kesho yake wote wamesimama wananisubiri na chaki yangu. Rafiki yangu akapaza sauti, "Mimi siwashi kwa taa ya disko! Njoo hapa Mnyamwezi, chora chora yako tufanye kazi!" Nilifurahi mno siku ile.

Miezi michache baadaye nikashikwa na mafua. Mafua ya kawaida, ya baridi ya Juni, lakini pua ilikuwa imeziba kama imepigwa saruji. Mtu mwenye akili angesema, leo sinusi. Mimi nilifikiria visanduku. Havipati mafua hivyo. Nikisema naumwa, si nitakuwa nimelijibu mimi mwenyewe lile swali la meneja? Basi nikazunguka kiwanda kama kawaida, nikainama kila mashine, nikavuta hewa isiyoniambia kitu, nikachora vema. Siku ya kwanza nilifanya hivyo, na ya pili. Ya tatu nilichora kwenye mlango wa rafiki yangu huku ananitania kwamba Mnyamwezi analia kwa kumbukumbu ya mizigo ya babu yake.

Saa tano asubuhi mashine ikapiga kelele ya kutisha na kukwama. Mhimili ulikatika. Yeye alirukia swichi, ndiyo maana hakuna aliyeumia, na hilo hawakulisema baadaye. Mafundi walipofungua, beringi ilikuwa nyeusi, grisi imekauka kama ugaga. Nilipoiona tu nilijua. Ile imetoa harufu siku tatu nzima. Kisanduku kiliisikia lakini hakikujua maana yake, kwa sababu mimi sikukiambia. Na mimi nilikuwa sisikii.

Wakatuita ofisini. Meneja akaweka karatasi ya kisanduku mezani: kijani, kijani, kijani.

"Mashine ilikuwa nzima," akasema. "Kwa hiyo wewe umeizidishia mzigo."

Rafiki yangu hakuogopa. "Sijazidisha. Na siendi kwa karatasi hiyo, nakwenda kwa chaki. Muulizeni mtani wangu huyu. Yeye ndiye aliyeinusa."

Wote wakanigeukia. Pua bado ilikuwa inachuruzika.

Nikasema, "Niliinusa. Haikuwa na kitu."

Basi. Maneno hayo tu. Kama mashine ilikuwa nzima kwa kisanduku na nzima kwa pua yangu, basi aliyeivunja ni mtu. Rafiki yangu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeafiki. Nafikiri aliniamini. Alidhani labda kweli alizidisha mzigo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: alinisadiki mimi akajitilia shaka mwenyewe.

Barua yake ya kufukuzwa ilitoka wiki ileile. Mimi nilibaki. Pua ilifunguka, nikaendelea kuchora chaki, na opereta mpya, asiye na utani na mtu, anashukuru kila asubuhi: asante mzee, asante mzee.

Nilivumilia wiki sita. Siku moja nikaingia kwa meneja bila kuitwa. Nikamwambia nilikuwa na mafua, sikunusa kitu, na beringi ile inatoa harufu ambayo nilimficha binti. Nikamwambia mrudishe mtu kazini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, naelewa ni rafiki yako. Lakini haya ni maneno. Mimi nina rekodi."

"Nakwambia mimi ndiye niliyekosea!"

"Unataka niwaandikie makao makuu kwamba kuna harufu ya muhogo?"

Akacheka, si kwa ubaya. Miaka yote hiyo kiwanda kiliwaka na kuzimwa kwa pua yangu bila karatasi yoyote. Siku niliyoitumia kujishtaki, ikawa haina ushahidi.

Nikaenda kwa binti mhandisi. Yeye hakucheka. Tulichukua ile beringi kwenye chuma chakavu, tukaipasha. Nikasema bado, bado, bado, hapo. Akabonyeza. Akaniuliza kwa nini sikusema mwanzo. Nikamjibu ukweli, akakunja nyaya zake. Kesho yake niliacha chaki juu ya meza ya fundi mkuu na barua ya kuacha kazi niliyomwandikisha mke wangu. Hakuna aliyenifukuza. Sikutaka kungoja wanifukuze.

Jumamosi nikaenda Kisarawe. Nilimkuta rafiki yangu anapalilia nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayataka. Alitoka shambani, akanawa mikono.

"Karibu, mzee mwenzangu," akasema. "Habari za Kibaha? Nyumbani hawajambo?"

Nikamwita mtani. Hakuitikia hilo. Akaniwekea kiti, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe kilichofunikwa kisahani, kama anavyoletewa mgeni wa serikali. Nikamweleza yote nikiwa nimeshika kikombe: mafua, chaki, harufu, maneno yangu ofisini, na kicheko cha meneja.

Nilipomaliza akauliza jambo moja. "Kwa hiyo sikuizidishia?"

"Hukuizidishia."

Alipumua kwa nguvu, akamwita mkewe kutoka jikoni. "Njoo usikie. Mwambie na huyu."

Nikarudia mbele ya mke wake, aliyesimama na mwiko mkononi, na macho yake sitayaeleza. Kisha rafiki yangu akanisindikiza mpaka barabarani, kwa heshima zote, akasubiri mpaka nilipopata usafiri.

"Nimekuelewa," akasema. "Usije tena mpaka nikuite."

Huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo. Hajaniita.