Nyanya, Mwambieni Mwenye Nyumba

Mama mkwe wangu alikubali kuja kukaa kwetu Tabora kwa sharti moja: hatakula chakula cha mkwe bure. Alikuwa ameteleza kisimani kwake Igalula akavunjika mkono, na kule alikuwa akiishi peke yake tangu baba mkwe alipofariki. Mke wangu alimbembeleza, akalia, mpaka mama akalegea. Atakaa, ila apewe pembe ya ua apande nyanya, ili mboga ya nyumba ile itoke mkononi mwake. Nyanya zikifa, anapanda treni anarudi kwake. Aliposema hivyo mke wangu akanitazama mimi, kana kwamba upepo wa Tabora unaoua miche ni mali yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Wazee wetu walikuja na misafara ya zamani kutoka pwani, wakatua mizigo hapa na hawakuibeba tena, na sisi mama mkwe tunampa shikamoo tukimwangalia. Lakini nilioa kwa Wanyamwezi wanaoshika mila. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Kugusa nguo yake ndiyo usiseme. Kabla ya ndoa niliiona mila hiyo nzuri kupita kiasi, maana ni mwanamume gani anayekataa mama mkwe asiyemsemesha? Sikujua kwamba siku moja tungekaa ua mmoja wenye choo kimoja.

Basi kila nikitaka kupita uani, nakohoa. Nikikohoa, yeye anaingia jikoni. Yeye akitaka kutoka anagonga sufuria, nami naingia chumbani. Nilikohoa sana mwaka ule, mpaka jirani yetu muuza mkaa akaniletea asali na kunishauri nikapime kifua. Asali niliilamba, ushauri nikauacha.

Miche ilikuwa imeshika vizuri kipupwe kilipoingia. Kipupwe chetu hakina wingu wala mvua, kina upepo mkavu wa mashariki unaoamka mapema kuliko watu, na baridi ya asubuhi inayowafanya kuku wagome kutoka bandani. Mama alilea miche ya tumbaku Urambo alipokuwa msichana, kwa hiyo dawa aliijua: kitalu hufunikwa jioni, hufunuliwa jua likishakolea, na upande wa upepo hukingwa. Alikifunika kwa nyasi. Upepo ukazikusanya zote ukampelekea muuza mkaa. Ndipo mama akatoa kanga zake.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akizifunga juu ya vijiti, kwa kuwa mkono wa mama ulikuwa bado kwenye plasta. Kisha dada yake akajifungua Nzega, naye mke wangu akafunga mkoba kwenda kumwangalia.

"Nyanya nakuachia wewe," akaniambia mlangoni. "Nikirudi nikakuta mama ameondoka, wewe na mimi tutaelewana vizuri."

Jioni ile nilisimama mbele ya rundo la kanga za mama mkwe wangu, mikono imening'inia. Kuzigusa ni aibu, kuziacha ni treni. Nikaenda kuchukua koleo la makaa. Nikageuza uso ukutani, nikanyanyua pindo la kanga kwa koleo, nikalipeleka kijitini kwa kubahatisha. Nikasikia chwaa! Nilikuwa nimeichana.

Sauti ikatoka jikoni, ya upole kabisa: "Nyanya, mwambieni mwenye nyumba kanga si kaa la moto."

Nikatazama huku na huku. Uani tulikuwa mimi na miche tu. Mila haikuvunjwa hata kidogo; mama hakusema nami, alisema na mazao yake. Nikasafisha koo. "Nyanya, mwambieni mama nimesikia, naomba radhi."

"Nyanya, mwambieni haidhuru."

Kesho yake nikaona nitumie elimu yangu. Dukani nilikuwa na vipande vya sare za shule, kaki na buluu. Nikaanza kuishonea miche kofia, kila mche yake, pamoja na uzi wa kuifungia kijitini. Bwana harusi aliyekuwa akisubiri suti akanikuta nakunja upindo wa kofia yenye upana wa kikombe.

"Mashallah, fundi. Mtoto ana umri gani?"

"Ana majani manne," nikamjibu, akili yangu ikiwa kwenye upindo.

Aliichukua suti yake ikiwa na mkono mmoja, akasema atamaliziwa na fundi mwingine. Sikumlaumu. Jioni niliivalisha miche, ikasimama mistari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Nilijivuna kweli.

"Nyanya," jikoni kukauliza, "mwenye nyumba amewaandikisha shule gani?"

Shule haikudumu. Asubuhi kofia zilikuwa zimetapakaa mtaani, na muuza mkaa alizirudisha kwenye kikapu akizikung'uta mojamoja. Kofia nyingine ziliondoka na miche yake. Nilipopita, baada ya kukohoa, niliona sanduku la mama limetolewa kizingitini, limefutwa vumbi.

Hapo mzaha ukaniisha. Akilini nilimwona mama kule Igalula akiinamia kisima kwa mkono mmoja. Nilimwona mke wangu akirudi na kukuta jiko tupu. Na niliona aibu kugundua kwamba mimi mwenyewe nilishazoea kugongewa sufuria.

Nilifunga duka. Nikachana viroba vya sukari, nikaviunganisha kwa mashine mpaka vikawa ukuta mmoja mrefu, nikakata miti ya kuusimamisha upande wa mashariki. Nilikuwa nahangaika nao alasiri, upepo umechachamaa, mara kanga iliyokuwa bado imefungwa pembeni ya kitalu ikafyatuka. Ilikuwa ile yenye maneno *Sisi sote abiria, dereva ni Mungu*. Nilisahau mila, nikairukia. Ikanizunguka kichwa chote. Wakati huohuo nikasikia ndara zikija mbio. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyegonga sufuria. Nikainua mkono niivue.

"Nyanya!" sauti ikapaza karibu yangu kabisa. "Mwambieni asivue!"

Nikaelewa. Nikiwa ndani ya kanga sikumwona, naye hakuuona uso wangu. Nikajifunika vizuri zaidi.

"Mwambieni ashike mti wa kushoto. Kushoto kwake, si kwangu. Mwambieni akaze fundo. Nyanya jamani, mwambieni amemkanyaga mmoja!"

Nilifunga mafundo gizani, na kwa bahati vidole vya fundi havihitaji macho. Yeye aliegemeza miti kwa bega lake zima. Upepo ulivipiga viroba, vikavimba, vikashika. Katikati ya shughuli hiyo nikamsikia muuza mkaa juu ya ukuta. Kwa kuona mtu mrefu amejitanda kanga kando ya mama, akadhani tumepata mgeni kutoka Igalula.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba," nikajibu kwa sauti nyembamba. Nikasikia mama mkwe wangu anacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia nyumbani mwangu, na miti ikaanza kutikisika kwa sababu yake, si ya upepo.

Mke wangu aliporudi alizikuta nyanya zimechanua. Tulikula nyanya msimu mzima, tukamgawia na muuza mkaa, ambaye kila mara aliulizia hali ya yule mama mgeni. Kisha zikaisha. Mama akang'oa mashina kwa mkono wake uliopona, akafagia kitalu, na sanduku likatokea tena kizingitini. Mke wangu alikuwa akiosha vyombo huku machozi yanamtoka.

Asubuhi moja nikakohoa nikatoka uani. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa.

"Nyanya," sauti ikasema, "mwambieni mkwe wangu kwamba mwakani aviunganishe viroba mapema, asisubiri upepo."

Alikuwa hajawahi kuniita mkwe wake. Niligeuka kuzitazama hizo nyanya. Pale palikuwa na udongo mtupu, wenye mistari ya ufagio. Nikauinamia udongo, nikauambia ujumbe umefika.