Koti la Mwenyekiti na Kioo Changu cha Kunyolea

Chekeni tu, lakini polepole. Enzi za vita vya Wareno ng'ambo ya Ruvuma nilikuwa mwalimu Chilangala. Siku hiyo nilikuwa nawaonyesha wanakijiji sura ya jua kwa kioo cha kunyolea kinachokusanya mwanga. Ilitua kwenye sahani nyeupe niliyoiegemeza kitini, palipotundikwa koti la Mwenyekiti. Roho juu, nikihofia kioo kisije kikapasuka kwa joto, sikuacha kukipoza mgongo kwa kitambaa kibichi. Jua likasogea, na sura yake ikasogea nalo, mimi niko na kitambaa. Ghafla, moshi!

"Ndege za Wareno!" nilipiga kelele, nikawa wa kwanza kuruka handakini. Wote wakanifuata.

Tukasikiliza angani. Kimya. Mwenyekiti akachungulia nje.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "huyo Mreno mbona kachoma koti langu tu?"