Jezi Iliyopigwa Pasi

Siku zenye joto kidogo, mlango mkubwa wa uwanja wa barafu ukifunguliwa, ukungu huinuka chini na kutembea polepole mpaka unafika magotini. Ndivyo ninavyoukumbuka mchezo wangu wote, kama kitu nilichokifanya nikiwa ndani ya wingu. Nilisimama golini misimu mingi hapa Brussels, katika mchezo wa magongo wa barafuni, na bado kuna asubuhi naamka kwangu Laeken nikijiuliza kama kweli ni mimi niliyesimama pale, au nilisimuliwa tu. Shule sikufika mbali, kwa hiyo sijui kama naandika inavyotakiwa. Nitasema ilivyokuwa, na nitajaribu nisimwonee mtu.

Nilianza kwa bahati. Shule ilitupeleka kuteleza, watoto wenzangu wakang'ang'ania ukuta. Mimi niliachia, nikaanguka katikati, nikabaki nimelala hapo hapo, sikio juu ya barafu. Chini mle kulikuwa na mlio mwembamba, kama mtu anaimba katika nyumba ya mbali. Sikutaka kuinuka. Baadaye timu ya wasichana ilikosa mtu wa kulinda goli, na kwa kuwa sikujua kwenda mbio kwenye viatu vya visu, wakaniweka hapo. Siwezi kusema nilikuwa na kipaji. Labda nilikuwa mvumilivu wa kugongwa. Kile kisahani cheusi cha mpira ni kigumu, kikikupata begani unalala na alama yake wiki nzima. Mara moja niliitwa timu ya taifa, nikakaa benchi. Aliyecheza alikuwa bora kuliko mimi, hilo nalikubali mpaka leo.

Maman hakuwahi kuja kuniona. Mechi zetu zilikuwa Jumapili asubuhi, na Jumapili asubuhi yeye anaimba kanisani. Lakini hata siku nyingine angekataa.

"Sitaki kuona vile bantu banatupia mutoto wangu majiwe," alikuwa akisema. "Na weye unasimama tu! Bengine banakimbia, weye unangojea bakupige. Ile ni mchezo ya namna gani?"

Ni kweli pia kwamba sikumsihi sana. Niliona haya kidogo, sijui kwa nini.

Ila nikilala kwake Evere kuamkia mechi, nguo zangu zote zilipigwa pasi. Soksi, taulo, jezi, hata vitambaa vya kufunga magoti. Wale waliokulia Lubumbashi watanielewa. Kule kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Ukivaa bila kuzipiga pasi, yai linaingia kwenye ngozi na kuwa funza. Mama wa kule hamwachi mtoto atoke na nguo ambayo moto haujaipitia. Nilimwambia mara nyingi kwamba Ubelgiji inzi huyo hayuko.

"Ulimuuliza?" anasema. "Alikuambia hatakuya?"

Basi ulifika msimu wangu wa mwisho. Goti lilikuwa limekataa, daktari naye alikuwa amekataa, na nilichoka kubishana na wawili hao. Nikamwambia maman, Jumapili hii ndiyo ya mwisho, hakutakuwa na nyingine. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hakusikia.

"Misa ikiisha mapema, tutaona," akasema.

Nililala kwake nikiwa na neno hilo. Ninajua ni jambo dogo, mtu mzima kutaka mama yake amuone akicheza. Lakini usiku ule nililitaka kuliko ushindi.

Asubuhi nilikuta jezi imekunjwa juu ya kiti, bado ina joto. Mikono yake ilikuwa na mstari wa pasi ulionyooka kama makali ya kisu. Nikaigeuza. Zamani namba zetu zilishonwa kwa uzi, lakini jezi hizi zilikuwa mpya, zimetoka wiki ile ile, na namba zake zilibandikwa kwa gundi. Namba yangu, trente, yaani thelathini, ilikuwa imeyeyuka na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nusu yake ilibaki kwenye pasi.

Maman alisimama mlangoni na kofia yake ya kwaya.

"Bon, ile kintu ilishikamana na fer," akasema. "Nguo gani inaogopa moto?"

Nikavaa koti, nikapanda basi na begi langu. Nje miti ilikuwa imesimama ndani ya ukungu, nami niliona kama basi limesimama na miti ndiyo inayoondoka.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mpole. Aliitazama jezi mbele na nyuma, akasema bila namba sichezi. Simlaumu, sheria ni sheria, na alionekana kuumia kuliko mimi.

Hapo lazima nimtaje mlinda goli wetu wa pili. Ni Mflamandi, mfanyakazi wa ofisini, misimu mitatu alikuwa akikaa benchi na kunifungulia chupa ya maji. Mechi ina vipindi vitatu, na tulikuwa tumekubaliana kwamba viwili ni vyangu na cha mwisho ni chake. Kama nisingecheza, mechi yote ingekuwa yake. Akaenda kuchukua utepe mweupe, ule tunaozungushia fimbo zetu.

"Geuka, bibi kizee," akaniambia.

"Ungenyamaza ungecheza mechi nzima."

"Najua. Simama wima."

Akanibandikia namba mgongoni, polepole, akisawazisha kila kipande kwa kidole gumba. Nimejiuliza mara nyingi kama mimi ningemfanyia hivyo.

Vipindi vyangu viwili vilipita kama usingizi wa mchana. Ndani ya ile kofia yenye vyuma usoni unasikia pumzi yako tu, halafu mlio wa visu vikija, halafu kishindo. Kila mchezo ukisimama nilitazama mlango. Watu waliingia na kahawa, na watoto, na mbwa mmoja. Maman hakuingia.

Kipindi cha tatu kilipoanza nilikuwa benchi, taulo shingoni. Ndipo nikamwona. Kikwembe cha kwaya, kile kitenge chake cha Jumapili, chini, koti kubwa juu, anatembea pembeni kama mtu aliyeingia ibada imeshaanza. Akaenda moja kwa moja nyuma ya goli letu, akakaa karibu na kioo. Mwenzangu alizuia kisahani kwa kifua, na maman akainua mikono miwili juu. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anaomba Mungu kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine.

Kocha akaniona natazama. "Nikurudishe?" akauliza.

Nilitaka. Kusema sikutaka ni uongo. Lakini ile ilikuwa zamu yake, nasi tulikubaliana.

"Mwache," nikasema.

Baada ya muda maman alisimama. Alimtazama mlinda goli mgongoni, kisha mikono ya jezi yake, akakunja uso. Akazunguka uwanja wote taratibu, mpaka nyuma ya benchi letu, akanigusa bega.

"Ule haiko weye," akasema. "Maillot yake iko na mikunjo."

"Ndiyo, maman. Ni zamu yake."

"Na weye?"

"Nimemaliza."

Akalitazama taulo shingoni mwangu. "Umemaliza bila miye?"

Tulishindwa kwa goli moja, na goli hilo liliingia katika kimoja cha vipindi vyangu. Tukashikana mikono na wapinzani. Wao wakatoka, lakini wenzangu hawakutoka, kwa sababu kwetu kuna desturi: mlinda goli akiacha mchezo, kila mwenzake anampigia mara moja ya mwisho. Dereva wa mashine ya kulainisha barafu akazima injini, akaegemea usukani. Nikavaa kofia yangu tena, nikarudi golini kwa goti langu bovu. Mlinda goli wa pili akamshika maman mkono, akampeleka nyuma ya kioo, nyuma yangu kabisa, kisha akarudi kwenye mstari wa wapigaji na fimbo yake.

Wakaja mmoja mmoja kutoka kwenye ukungu. Kila kishindo nilisikia nyuma yangu sauti ndogo, "Eeh, Yezu!", halafu kicheko, kicheko cha maman ambacho nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Wa mwisho alikuwa yule Mflamandi. Alipiga kwa nguvu zake zote, hakunihurumia, na nilimshukuru kwa hilo.

Katika basi la kurudi Evere tulikaa begi likiwa katikati yetu. Madirisha yalikuwa meupe kwa mvuke.

"Ulikamata bien," akasema mwishowe. "Lakini kale ka mwisho kalikupita."

"Kalinipita, maman."

"Alors, ni vile." Akafungua zipu ya begi, akaitoa jezi iliyolowa jasho, akaikunjua juu ya magoti yake. Utepe ulikuwa umeanza kubanduka. Akaubonyeza kwa kidole gumba, kipande kwa kipande. "Nitaipiga fer tena. Namba nitaizunguka."

Nikamwachia.