Dirisha la Chumba cha Juu ya Paa

Kazi yangu ni kushona mapazia, kwa hiyo nikiingia nyumba ya mtu macho huenda dirishani hata kabla sijajibiwa salamu. Ndiyo maana kosa lile linaniuma mpaka leo. Fundi wa viatu angesamehewa.

Nilikuwa na miaka mitatu Johannesburg, nalala na wenzangu wanne chumba kimoja kule Yeoville, na mke wangu yuko Tanga ananisubiri. Sharti lake lilikuwa moja. "Nitakuja," alisema, "lakini nitafutie pahali penye sitara. Nikikuta nimewekwa kama sokoni, kila apitaye ananiona, narudi kwetu."

Nilizunguka vyumba vingi. Vingine vilitenganishwa na jirani kwa shuka tu. Hatimaye nikapata kimoja juu ya paa la ghorofa, karibu na Joubert Park: safu ya vyumba kumi hivi, vyoo vya pamoja, na ngazi ya chuma nyuma ya jengo. Chumba kilikuwa kidogo, lakini dirisha! Lilikaribia dari, na kimo chake hakikuzidi shubiri mbili. Mwanga unaingia, jicho la mtu haliingii. Kwetu nyumba za kale, vyumba vya wanawake vilikuwa na madirisha ya namna hiyo. Nilipanda juu ya ndoo kupima pazia, huku nikimwombea dua aliyejenga. Nikampigia simu mke wangu: "Mzungu aliyejenga hapa alikuwa na haya kutushinda sisi."

Jirani yangu alikuwa mwanamke mzee wa Kizulu. Wote pale tulimwita Gogo, ndivyo wanavyomwita bibi. Alifanya kazi za ndani katika jengo hilo tangu usichana wake, na kazi ilipokwisha akabaki kama mpangaji. Siku moja kabla mke wangu hajafika, alinikuta natundika pazia, akacheka mpaka akaushika mlango.

"Eish, mwanangu! Unamfungia nani? Hilo lilishafungwa kabla hujazaliwa."

Akanieleza kwa Kizulu chepesi, kile anachotuhurumia nacho sisi wageni. Zamani mtaa ule ulikuwa wa weupe. Mtu mweusi angeweza kufagia, kupika na kulea watoto wao, ila kupanga nyumba hapo hapana. Watumishi walilazwa juu ya paa kwa karatasi ya ruhusa, na polisi walipanda kuikagua. Madirisha yaliwekwa juu ili wasiwachungulie weupe wa ghorofa za jirani.

"Ili watu wasiwaone ninyi?" niliuliza, nikidhani Kizulu kimenipiga chenga.

"Ili sisi tusiwaone wao."

Nilibaki na nyundo mkononi. Hasira zilinipanda, nikakosa wa kumkasirikia. Nikaona aibu pia, kwa ajili ya ile dua. Nilijaribu hata kuirudisha, sikujua dua hurudishwaje. Na Mungu anisamehe, chumba bado nilikipenda.

Mke wangu alifika. Alitazama dirisha, akavua mtandio, akakaa kitandani na kushusha pumzi. "Hapa ndipo," akasema. Nani angethubutu kufungua kinywa? Nilinyamaza wiki nzima. Kila asubuhi alilisifu dirisha, na kila asubuhi nilimwongezea chai. Nikimwambia ataondoka. Nisipomwambia namlaza ndani ya tusi la mtu mwingine. Au tusi lilikwisha utawala wa weupe uliposhindwa? Sikujua, na sikuwa na wa kumuuliza.

Ijumaa nikamwambia yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Na Gogo alikuwa na mume?"

"Sijui."

"Kamuulize."

Tukaenda wote wawili, mimi nikiwa mkalimani. Gogo alisema ndiyo, alikuwa na mume, lakini hakuruhusiwa kulala pale. Siku moja alikutwa, akatolewa amefungwa pingu. Baada ya hapo alikuwa akija Jumapili, anasimama ng'ambo ya barabara.

"Nilikuwa napanda juu ya kitanda," Gogo alisema, "nakaza vidole vya miguu, ndipo namwona."

Nilipomaliza kutafsiri, mke wangu aliinuka. Alirudi chumbani, akaipindua ndoo, akapanda, akalitoa pazia langu nililolishona kwa siku mbili. Nilidhani sasa anafungasha. Akalikunja, akaliweka chini ya godoro.

Hakuondoka. Nilimuuliza mara mbili ile sitara imekwenda wapi, akaniambia niache maswali, hata yeye hajui.

Tangu siku hiyo, nikirudi kazini jioni na kuinua macho kutoka barabarani, naona mtandio wake pale juu, na chini yake macho yananitafuta. Kila mara nashindwa kujua nifurahi au nilie. Nasimama ng'ambo ya barabara, nampungia mkono.